Gari Linachemsha Likiwa Limesimama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu tatizo moja tu: gari likitembea mshale wa joto unatulia, likikwama Buguruni au kwenye foleni ya kivuko cha Likoni mshale unaanza kupanda. Maswali ni yale yale ambayo wenye magari huuliza wakiwa wamesimama kando ya boneti iliyo wazi, na fundi ameshataja bei ya rejeta mpya.

## Mambo ya msingi

Kwa nini linachemsha likisimama, halafu likitembea linapoa lenyewe?

Rejeta inapoza maji pale tu upepo unapopita kwenye mapezi yake. Gari likiwa kwenye mwendo mzuri wa barabarani, upepo unaoingia kwa mbele unatosha hata kama feni imekufa. Likisimama, upepo huo haupo tena na kazi yote inaangukia feni. Injini nayo ikiwa silensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inazunguka polepole, kwenye magari mengi kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika, kwa hiyo wota pampu inayovutwa na mkanda inasukuma maji taratibu.

Kwa hiyo dalili yenyewe imeshakupunguzia eneo la kutafuta. Gari linalochemsha likisimama tu, anza na feni, kisha njia ya upepo, kisha kiasi cha maji. Rejeta iliyoziba ndani au thamostati (kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto) isiyofunguka vizuri kwa kawaida hujionyesha zaidi kwenye mwendo mkali na milimani. Fundi anayetaka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini) kabla hajaiona feni ikizunguka, mwambie asubiri kwanza.

Langu linachemsha foleni na linachemsha pia nikipanda Kitonga. Ni tatizo moja?

Huenda ni moja, lakini si lile la feni peke yake. Kwenye mlima injini inabeba mzigo mkubwa na kutoa joto jingi kwa muda mrefu, na hapo uwezo wa rejeta yenyewe ndio unaopimwa. Gari likishindwa kote kote, angalia kiasi cha maji, kisha rejeta iliyoziba, thamostati na wota pampu, na mwisho gasketi ya silinda hedi. Likishindwa mlimani tu na foleni linatulia, feni ya umeme huenda haina kosa.

Gari langu halina mshale wa joto. Nitajuaje?

Gari ndogo nyingi za Kijapani, Vitz na Passo zikiwemo, zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa bado baridi, na nyekundu ikichemsha. Katikati hapo huambiwi kitu. Nyekundu ikiwaka, joto limeshapita mahali pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Hata wenye mshale wasijiamini sana. Kwenye magari mengi mshale umepangwa ukae katikati kwa kiwango kirefu cha joto, ili dereva asishtuke kwa kila badiliko dogo. Ukiuona unaondoka katikati, joto limekwisha kupanda kitambo.

Dawa yake ni kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, chini ya usukani, kinachotuma namba kwenye simu. Kwa mtu mwenye tatizo hili ni ununuzi bora kuliko thamostati ya kubahatisha. Jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki na vifaa hivyo vya bei rahisi.

Joto la kawaida ni nyuzi ngapi?

Kwa magari mengi ya petroli, kati ya nyuzi 85 na 98 za Selsiasi injini ikishapata moto. Thamostati huanza kufunguka karibu na nyuzi 80 hadi 88 kutegemea gari, na feni ya umeme mara nyingi huwaka joto likifika katikati ya tisini, kisha huzima likishuka nyuzi chache. Kwa hiyo ukiwa umesimama, namba ikipanda hadi 97 kisha ikashuka hadi 91 kisha ikapanda tena, hakuna ugonjwa hapo. Hiyo ni feni inayofanya kazi yake.

Ikipita 105 huku AC imezimwa, tafuta sababu wiki hiyo hiyo. Ikipita 110, usiendelee na safari.

## Limechemsha sasa hivi

Nipo katikati ya foleni na mshale unapanda. Nifanye nini?

Kama haujafika kwenye nyekundu na hakuna mvuke: zima AC, washa hita kwenye joto la mwisho na upepo wa mwisho, fungua vioo. Ndiyo, utaoga jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ndani ya gari na joto linalokuja usoni mwako ni joto linalotoka kwenye injini. Weka gia N, pandisha resi hadi 1500 au 2000 kwa dakika moja hivi ili wota pampu izunguke kwa nguvu. Ukiona joto linashuka, umeshapata dalili ya kumpa fundi.

Hita ikitoa upepo wa baridi wakati mshale uko juu, simama na uzime. Maana yake ni kwamba maji hayafiki kwenye hita, na pengine hayapo ya kutosha hata kwenye injini.

Mshale ukiwa kwenye nyekundu, taa nyekundu ikiwaka, au mvuke ukitoka, hakuna mjadala: pembeni, zima injini. Unaweza kurudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha, kwani kwenye magari mengi feni ya umeme itaendelea kuzunguka.

Vijana watakuja na maji ya chupa na kitambaa mkononi. Nia yao ni njema, ila usiruhusu mtu amwagie injini maji ya baridi wala afungue kifuniko. Hedi ya aluminiamu iliyopata moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka, na hapo tatizo la relei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni) limegeuka kuwa la injini nzima.

Nisubiri muda gani kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta?

Nusu saa ni kiwango cha chini, na siku ya joto ongeza. Kipimo kizuri kuliko saa ni mpira wa juu wa rejeta: uguse kwa tahadhari, kisha uubonye. Ukiwa mgumu, ndani bado kuna presha, acha. Ukiwa laini, funika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza hadi kituo cha kwanza tu, usikilize, acha pumzi itoke yote, ndipo umalizie. Uso wako usiwe juu ya rejeta.

Naweza kuongeza maji ya bomba ili nifike nyumbani?

Ukiwa umekwama, maji yoyote safi ni bora kuliko kuendesha bila maji. Subiri injini ipoe, washa, kisha ongeza kidogo kidogo ikiwa inazunguka. Ukifika, kumbuka kuyamwaga na kuweka mchanganyiko sahihi. Habari ya maji ya kisima iko kwenye swali la rangi za kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) huko chini.

## Feni

Nitaipimaje feni mwenyewe bila vifaa?

Egesha mahali tambarare, AC ikiwa imezimwa, fungua boneti, acha injini iwake silensa. Ondoa mtandio, tai, mikono mirefu na watoto karibu na hapo, kwa sababu feni ya umeme huanza kuzunguka bila taarifa, wakati mwingine hata injini ikiwa imezimwa. Subiri. Kwa gari lililokuwa baridi, robo saa hadi dakika ishirini inatosha kwa kawaida. Ukiona joto linapanda kupita kawaida na feni imelala, umeshapata mtuhumiwa.

Kisha washa AC. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza mara tu kompresa inaposhika. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto, mota ni nzima na tatizo liko upande wa sensa au waya wake.

Kipimo cha tatu ndicho wengi hawakifanyi. Feni ikiwa inazunguka, chukua karatasi moja ya daftari uisogeze mbele ya gari, kwenye uso wa kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele). Inapaswa kuvutwa na kunata hapo yenyewe. Ikinata upande mmoja na kuanguka upande wa pili, feni moja kati ya mbili ni dhaifu. Ikipeperuka kukujia wewe, feni inazunguka kinyume, nyaya zimegeuzwa. Hutokea sana baada ya kufungwa mota ya mtumba iliyokuja na soketi tofauti. Gari la namna hiyo linaudhi kuliko yote: feni inaonekana inazunguka, kelele ipo, kila mtu anaapa ni nzima, na kumbe inasukuma upepo dhidi ya ule unaotoka mbele.

Feni haizunguki kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kitu cha bei ndogo. Fyuzi ya feni iko kwenye boksi la chini ya boneti, na mara nyingi jina lake limeandikwa juu ya kifuniko. Ikiwa nzima, chukua relei ya feni uibadilishane na nyingine yenye namba ile ile, kwa mfano ya honi. Feni ikifufuka, umemaliza kwa bei ya relei.

Ikikataa, ng'oa soketi ya mota uiangalie kwa karibu. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka kando ya pini moja inaonyesha mahali umeme ulipokuwa ukihangaika kupita. Safi? Basi mpe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota haina kosa. Isipozunguka, au ikianza tu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi, kaboni (brashi za ndani ya mota) zimeisha.

Mota nzima, relei nzima, fyuzi nzima: imebaki amri. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au jirani yake, na ukiing'oa soketi yake feni inapaswa kuzunguka mara moja. Kwenye magari mapya zaidi kompyuta ndiyo inayoamua. Ng'oa soketi ya sensa ya joto la maji huku ufunguo ukiwa ON, na kwenye magari mengi kompyuta itaiwasha feni kwa kujihami. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi kwa sababu ya jaribio hilo, na itabidi ifutwe kwa mashine.

Feni inazunguka vizuri lakini bado linachemsha. Sasa?

"Vizuri" ndilo la kuchunguza. Mota iliyochoka inazunguka, ila haivuti. Magari mengi yana kasi mbili, na kasi ya juu ikifa feni itabaki ya polepole daima. Pima pia umeme unaofika kwenye soketi wakati feni inafanya kazi: betri ikionyesha volti 13.8 na soketi ikionyesha 11, kuna waya au kiungo cha ardhi (upande wa hasi) kilichooza katikati.

Angalia kava la plastiki linaloizunguka feni. Mafundi wengi hulitoa wakati wa kubadilisha rejeta na kuliacha chini ya meza. Bila kava, feni inavuta upepo kutoka pembeni, pale palipo rahisi, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila kupitiwa na hewa. Gari likitembea hutaona tofauti yoyote. Likisimama utaiona.

Mwisho, chungulia nafasi iliyopo kati ya kondensa na rejeta. Hapo ndipo vumbi, wadudu, nyasi na vipande vya mifuko vinapojificha. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi, ukiingiza tochi kwa juu unakuta blanketi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi kitu.

Fundi ameunga feni moja kwa moja, inazunguka muda wote. Kuna ubaya?

Kama njia ya kufika nyumbani kutoka Chalinze, sawa. Kama matengenezo, hapana. Mara nyingi waya uliotumika ni mwembamba, hauna fyuzi wala relei, na umepitishwa juu ya chuma chenye moto. Mota inayozunguka muda wote inakufa mapema, na siku ikifa hutakuwa na mfumo wa asili wa kurudia kwa sababu umeshakatwa. Kama lazima iungwe, basi iungwe kwa relei yake, fyuzi yake na waya wa unene unaofaa.

Hiace yangu haina feni ya umeme. Inapimwaje?

Hiace nyingi, Hilux, Prado na Land Cruiser zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Ikiwa baridi, klachi inateleza. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ikiifikia, inashika na feni inaunguruma.

Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni, izungushe feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito kidogo na kusimama mara unapoiachia. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa kama pangaboi lililozimwa, mafuta yameisha. Tafuta pia alama za mafuta yenye vumbi kwenye uso wa klachi. Wapo mafundi wanaojaza mafuta mapya na gari likapona, lakini yawe ya silikoni ya kazi hiyo, si grisi. Kuna wengine huifunga klachi kwa bolti ili isiteleze kabisa. Gari litapoa foleni, ila utasikia kelele safari nzima na mafuta ya gari yatakwenda zaidi.

AC inapoza nikitembea, nikisimama inatoa hewa ya joto. Inahusiana?

Sana. Kondensa ya AC imekaa mbele ya rejeta na inategemea feni ile ile, kwa hiyo feni ikianza kudhoofika AC hulalamika kabla ya injini. Watu huenda kujaza gesi, ikapoza siku mbili za barabara isiyo na foleni, kisha foleni inarudisha malalamiko. Kabla ya kulipia gesi fanya kipimo cha karatasi.

## Maji, rejeta na thamostati

Maji yanapungua lakini sioni yanapovuja. Yanakwenda wapi?

Mvujo mdogo hukauka juu ya chuma cha moto na kuacha alama tu: ukoko mweupe, wa waridi au wa kijani kwenye viungo vya mipira, kwenye mshono wa plastiki na aluminiamu wa rejeta, au chini ya kitundu kidogo cha wota pampu. Zulia la mbele upande wa abiria likiwa na unyevu na harufu tamutamu, ni rejeta ya hita. Kama hakuna alama popote, fundi apampu presha kwenye mfumo injini ikiwa baridi aone kama inashuka. Ikishuka na nje kote ni kukavu, ruka hadi swali la gasketi.

Kifuniko cha rejeta kinaweza kuchemsha gari?

Kinaweza, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Kifuniko cha bar 0.9 kinafanya maji matupu yachemke karibu na nyuzi 118 badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukikatika, faida hiyo inapotea. Kwa wanaoishi Mbeya au Nairobi ni muhimu zaidi, maana kwenye miinuko hiyo maji yasiyo na presha huchemka karibu na nyuzi 94, ambako feni ndiyo kwanza inaanza. Nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya cha zamani. Kikubwa zaidi si bora zaidi, kinapasua mipira.

Fundi anasema tutoe thamostati kwa sababu nchi yetu ni ya joto. Nikubali?

Usikubali. Thamostati inaifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, asubuhi na barabarani injini inakwenda ikiwa baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na unalipa kwenye kituo cha mafuta.

Tena kuna injini ambazo thamostati yake ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato pale maji yanapopata moto. Ukiitoa kwenye hizo, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Unataka kuipima? Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, upashe. Nyuzi za joto inapofungukia zimegongwa kwenye chuma chake. Ikifunguka vizuri na kufunga ikipoa, irudishe na gasketi mpya, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikiwa juu.

Tatizo limeanza baada ya kubadilisha maji. Kuna kosa gani?

Hewa. Imebaki mahali pa juu, sensa inasoma mvuke badala ya maji, mshale unaruka ghafla na kushuka ghafla. Egesha pua ya gari ikiwa juu, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, weka hita kwenye joto la mwisho, washa na uongeze maji kadiri yanavyoshuka hadi mapovu yakome na feni izunguke walau mara mbili. Kama gari lina skrubu ya kutolea hewa, itumie. Hewa ikirudi kila wiki, haiachwi na fundi tena. Inaingia kutoka mahali.

Wota pampu inajulikanaje imechoka?

Mvujo kwenye kitundu chake, mlio wa bearing, mkanda uliolegea. Ngumu zaidi ni ile isiyovuja wala kulia lakini mabawa yake ndani yameliwa na kutu. Dalili yake ni ile niliyoitaja kwenye swali la foleni: silensa linachemsha, ukipandisha resi linapoa, na feni ulishaipima ni nzima. Usiifungue kabla ya kuhakikisha maji yamejaa.

Rejeta imeziba: kuzibua au kununua?

Injini ikiwa na moto, izime, kisha pitisha kipima joto cha mwanga wa infraredi kwenye uso wa rejeta. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka upande yanakoingia maji hadi yanakotokea. Ukikuta kiraka cha baridi katikati, hapo mirija imeziba. Rejeta ya shaba huzibuliwa ikarudi kazini. Ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki, kuifungua na kuibana tena mara nyingi ni kununua mvujo, hivyo mpya ni bora, mradi iwe na unene ule ule wa ya asili.

Kulanti nyekundu, pinki, kijani: nitumie ipi? Na maji matupu je?

Rangi si kanuni. Kila kiwanda kina zake, soma maandishi ya chupa na kitabu cha gari. Kwa Toyota, nyekundu ya asili huchanganywa na maji na pinki huja ikiwa imeshachanganywa, kwa hiyo pinki usiizidishie maji. Usichanganye aina mbili bila kusafisha.

Maji matupu kwa kweli hubeba joto vizuri kuliko kulanti, na huku Pwani hakuna barafu ya kuogopa. Tatizo lake ni kutu, na pia kuchemka mapema. Maji ya kisima cha Dar yenye chumvi ndiyo mabaya zaidi: yanaacha magadi ndani ya mirija na kula aluminiamu. Ukikosa maji yaliyosafishwa, ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa zaidi kuliko hayo.

## Gasketi ya silinda hedi

Nitajuaje kama gasketi imekufa kweli?

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza hadi mdomoni, washa, utazame. Mapovu ya mwanzo yanayokoma ni hewa. Mapovu yanayoendelea mfululizo, yakiongezeka ukipiga resi, ni gesi ya moto kutoka kwenye silinda. Ishara nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika mbili tatu baada ya kuwasha, wakati maji bado ya baridi. Chupa ya akiba kujaa na rejeta kupungua. Moshi mweupe usiokoma. Plagi moja kuwa safi kuliko wenzake. Oili kuwa kama chai ya maziwa.

Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Ikigeuka njano kuna gesi ya injini. Dai kipimo hicho kabla hedi haijafunguliwa. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, hasa Njombe au Limuru kwa mtu anayeendesha safari fupi za asubuhi.

Hedi ikishafunguliwa, ipelekwe kupimwa unyoofu na nyufa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai.

Na dawa za kuziba mvujo, yai, bizari?

Zinaziba. Hazichagui pa kuziba, ndiyo shida: mirija ya rejeta na hita ni myembamba, nayo huziba vilevile.

## Hali za pekee

Nina Subaru. Kuna la ziada?

Hewa hunasa kirahisi, kwa hiyo tumia skrubu iliyo juu ya rejeta na ujaze taratibu. Zenye injini ya EJ25 zinajulikana kwa matatizo ya gasketi za hedi, na hedi ziko mbili. Kipimo cha dawa ya bluu kifanye mapema kuliko ungefanya kwa Corolla.

Dizeli yangu inachemsha silensa.

Hiyo ichukulie kwa uzito. Dizeli ikiwa silensa inachoma mafuta kidogo mno na kutoa joto dogo. Nyingi hushindwa hata kupanda joto zikisimama asubuhi. Ikichemsha hapo, maji ni machache, klachi ya feni imekufa kabisa, au gesi inaingia kwenye maji. Kwa injini ya Toyota ya 1KZ-TE, ambayo hedi yake inajulikana kwa kupasuka, pima gesi siku hiyo hiyo.

Aqua na Prius, zile haibridi za Toyota?

Aqua, na Prius kuanzia kizazi cha tatu, zina wota pampu ya umeme, hakuna mkanda wa kuangalia. Pampu ikigoma mashine ya kupimia kwa kawaida huonyesha kosa. Inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota) ina maji yake na chupa yake, usichanganye vipimo. Kelele ya feni chini ya kiti cha nyuma ni ya betri, na kichujio chake kikiziba vumbi ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mashine haisomi kosa lolote, fundi anasema gari ni zima.

Mashine inasoma kile kompyuta inachokiona. Kompyuta inajua imeiamuru feni; kwenye magari mengi haijui kama feni imetii, wala haijui kuhusu kava lililoachwa chini ya meza. Mwambie aache mashine kwenye ukurasa wa joto la maji, gari liwake silensa na AC imewashwa, mkae mtazame namba na feni kwa pamoja.

Limeanza baada ya kugongwa mbele na kutengenezwa.

Angalia plastiki za pembeni mwa rejeta na ile ya chini ya bampa. Zinaonekana kama mapambo, lakini zinazuia hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta isizunguke kurudi mbele na kuvutwa tena. Gari likitembea hutaona kwamba hazipo. Likisimama feni inabaki kupepea joto lile lile. Hakikisha pia feni zote mbili zimerudishwa, na ufanye kipimo cha karatasi kabla hujalipa salio.